Majivu kwenye tangi la Bwana Samaki

SAA kumi na mbili na nusu asubuhi, Eufrazia Telesphor anavua kandambili mlangoni, anakaza kanga kiunoni na kuingia sebuleni kwa hatua za mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Nyumba ni ya serikali, iko Shanwe, mjini Mpanda, na wenyewe bado wamelala. Jambo la kwanza analofanya ni kuziba dirisha. Anachukua gunia kutoka juu ya kabati, analitundika kwenye misumari miwili, na jua lililokuwa limeanza kuchungulia linakatika.

“Jua likiingia humu asubuhi, jioni unakuta kijani,” anasema kwa sauti ya chini. “Nililijua hilo nikiwa nimeshachelewa.”

Mbele yake, juu ya meza ya mninga, kuna tangi la kioo lenye urefu wa zaidi ya mita moja. Ndani yake mna maji, mchanga, mawe manne, samaki wakubwa watatu na wadogo saba, ambao mkubwa wao hajazidi punje ya haragwe. Wale wakubwa ni weusi, kila mmoja na mshipi mpana wa njano kiunoni. Wote wanatoka Ziwa Tanganyika.

Vifaa vya Eufrazia vinaenea kwenye sahani moja ya bati: dodoki, kipande cha wembe kilichochomekwa kwenye kijiti, nusu ya limau na mpira mwembamba. Anaanza juu, pale maji yanapoishia, ambapo chokaa ya maji imeganda ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Anaupaka limau, anasubiri, anaupangusa kwa kitambaa. Tone la limau halitakiwi kudondoka ndani, kwa hiyo mkono wake wa kushoto unakinga chini muda wote.

Kisha anazamisha wembe na kukwangua kioo cha mbele, kutoka chini kwenda juu, taratibu. Ukoga wa kijani unabanduka vipande vipande. Anachomeka mpira ndani ya maji, ananyonya ncha ya pili kama wanavyofanya utingo wakitoa petroli, anatema, na maji machafu yanaanza kutiririka kwenye debe pamoja na uchafu wa chini. Kioo cha nyuma hakigusi. Mawe hayagusi. Yamevaa utelezi wa kijani kibichi, na anayapita kwa mbali kabisa.

Mgeni atajiuliza ni usafi wa namna gani huo wa kusafisha mbele na kuacha nyuma. Mwandishi wa habari hizi alijiuliza vivyo hivyo, na jibu lake ndilo lililomweka mwanamke huyu wa miaka arobaini na mitatu mbele ya tangi hili kila siku tangu mwezi Machi mwaka huu wa 1977. Tangu Mei halipwi hata senti. Riziki yake anaitafuta mchana, kwa kufua nguo za walimu.

Anakuja kwa sababu aliwaua wanane. Na anahofu kwa sababu keshokutwa, Jumamosi, mjane anayeishi humu anahama, na bado hajasema samaki waliobaki wataachwa mikononi mwa nani.

Eufrazia ni mzaliwa wa Mamba, huko Mpimbwe. Aliingia Mpanda mwaka 1969, na miaka miwili baadaye akaajiriwa kupika na kufua kwa afisa uvuvi, marehemu Maximilian Kasimiri, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Samaki. Mshahara ulifika shilingi mia na arobaini kwa mwezi. Anasema hakuwahi kuuona ukichelewa.

Tangi alilitengeneza Bwana Samaki mwenyewe mwaka 1974, kwa vioo vya madirisha, fremu ya chuma iliyochomewa gereji na lami ya kuzibia pembe. Samaki aliwaleta mmoja mmoja kutoka Ikola, kule ziwani, kila alipokwenda kukagua nyavu. Alikuwa akirudi amekaa kwenye lori na debe mapajani, na suruali imelowa mpaka magotini.

“Mtaani walimcheka,” anakumbuka Eufrazia. “Walisema, Bwana Samaki ana mshahara, anashindwaje kuwakaanga? Yeye anacheka nao. Lakini tangi hakuruhusu mtu aguse. Mimi nikishika kitambaa tu, ananiambia, hili niachie mimi, dada Eufrazia. Basi nikamwachia. Miaka mitatu nafagia chini yake, sikuwahi kuuliza anafanyaje.”

Januari mwaka huu ziwa lilichafuka ghafla, na mashua aliyokuwamo Bwana Samaki ikapinduka. Alipatikana siku ya tatu. Alizikwa hapa Mpanda, akiacha mke, Josefina, mwenye miaka thelathini na mbili, na mtoto mmoja wa kiume.

Msiba ulikaa siku arobaini, na sebule ikawa ya watu. Viti vilitolewa nje ili wanawake wapate pa kutandika mikeka, na tangi likasukumwa hadi dirishani. Mchana likawa linapigwa na jua, usiku linamulikwa na karabai. Waombolezaji, kwa huruma yao, wakawa wanawalisha samaki. Huyu anatupia punje za wali, yule tonge la ugali, na watoto nao wakarusha walichokuwa nacho.

Wiki ya tatu maji yalianza kubadilika. Siku ya thelathini yalikuwa yamekolea kama mchuzi wa kisamvu, samaki hawaonekani, na harufu imeanza. Eufrazia alimsikia mama mmoja, mgeni wa kutoka mbali, akimwambia mwenzake kwamba nyumba ya marehemu inanuka. Anasema neno hilo hakuweza kuliacha lipite.

Ili kuelewa alichofanya, lazima kwanza kueleweke alikolelewa. Bibi yake kule Mamba alimfundisha kwamba siku ya kuanua matanga kila chombo cha nyumba hutolewa nje, husuguliwa kwa majivu, kisha husuuzwa kwa maji ya mvua yaliyokingwa kabla ya kugusa ardhi. Wafiwa waanze kula na kunywa kwenye vyombo visivyo na msiba ndani yake. Bibi alifanya hivyo kwa babu, mama akafanya kwa bibi, na Eufrazia aliyafanya hayo kwa mama yake.

“Nilitoa masufuria, vikombe, mitungi, mpaka birika,” anasema. “Halafu nikaliangalia lile tangi. Nikajisemea, hiki nacho ni chombo, tena ndicho alichokipenda kuliko vyote. Nitaosha vijiko vya wageni niache hiki?”

Josefina alikuwa amekwenda kanisani kwenye misa ya arobaini. Eufrazia aliwatoa samaki wote kumi na mmoja, akawaweka kwenye beseni. Akamwaga yale maji ya kijani yote. Akaubeba mchanga kwa ndoo na kuuosha. Vioo vyote vinne alivisugua kwa majivu na dodoki, na mawe akayasugua mpaka yakarudi kuwa meupe. Akajaza tangi kwa maji ya mvua kutoka kwenye pipa la chini ya bati. Kazi hiyo ilimchukua saa tatu, na mgongo ulimuuma wiki nzima.

Wageni walipoingia walisimama wakashangaa. Maji yalikuwa maangavu mno, ukadhani samaki wanaelea hewani. Josefina naye akaingia, akatazama, akamshika Eufrazia mkono mbele ya watu. Kwa mara ya kwanza tangu maziko, alitabasamu.

Saa kumi jioni, wa kwanza alielea tumbo juu.

Mpaka kesho yake mchana walikuwa wamekufa wanane. Eufrazia aliwaokota kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, akawafunga kwenye jani la mgomba. Josefina alikuwa amesimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema maneno manne tu, na Eufrazia anayarudia bila kumtazama mtu usoni: “Umemzika mara ya pili.”

Nilipomuuliza Josefina kuhusu maneno hayo, hakuyakana. “Niliyasema, na nilikuwa namaanisha,” alijibu. “Sikumfukuza kwa sababu sikuwa na nguvu hata ya kumfukuza mtu. Nilikaa chumbani. Akileta chakula narudisha.”

Mwingine angefunga mzigo wake akarudi kwao. Eufrazia aliuza kitenge chake kipya, akapata nauli, na siku ya nne akapanda lori la dagaa kwenda Ikola. Mvua za Machi zilikuwa zimeharibu barabara, na safari ya siku moja ikawa ya siku mbili. Alikuwa anamtafuta mvuvi aitwaye Yohani, ambaye alikuwa akizamia miambani na Bwana Samaki kuwatafuta wale samaki wenye mshipi.

Alimkuta anaanika dagaa. Akamweleza yote, la majivu na la maji ya mvua, bila kujitetea. Yohani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ziwani mpaka kifuani, akazama, akaibuka na jiwe.

“Shika, shangazi,” alimwambia. “Unasikia nini?”

“Utelezi.”

“Huo utelezi ndio ugali wao. Hawa kazi yao kutwa nzima ni kukwangua mawe. Sasa nyie mmewatupia wali, maji yakaoza. Halafu wewe umeosha sahani pamoja na chakula chake.”

Kisha akamchotea maji ya ziwa kwa kiganja, akamwambia aonje. Yalikuwa na ladha nzito, ya chumvi kwa mbali. Yohani akamweleza kwamba maji ya ziwa hili yana chokaa na magadi ndani yake, ndiyo maana birika za Ikola huota ukoko, na samaki wake wamezaliwa humo. Maji ya mvua ni matupu. Kumtoa samaki huyu kwenye maji yake na kumtia kwenye maji matupu, kwa mara moja, tena chombo kikiwa bado na majivu kwenye pembe, ni kumkaba.

Eufrazia anasema alilia pale pale, mbele ya wanaume waliokuwa wanashona nyavu. “Sikulia kwa kuwa nilikosea. Nililia kwa sababu aliyenijibu alikuwa anajua, na Bwana naye alikuwa anajua, na mimi nilikaa na mtu anayejua miaka yote ile nisiulize.”

Alirudi na mawe manne yenye ukoga, yamefungwa kwenye magunia yaliyolowa, madebe mawili ya maji ya ziwa, na mfuko wa makombe ya konokono. Kila lori liliposimama alishuka kutafuta maji ya kuyanyunyizia magunia yasikauke. Abiria mmoja alimuuliza amebeba nini. Akasema mawe. Yule bwana akamtazama kwa muda, akamuuliza kama Mpanda mawe yamekwisha. Lori zima lilicheka, na Eufrazia anakiri kwamba naye alicheka, mara moja tu katika wiki ile.

Samaki watatu waliobaki walikuwa wamelala chini ya tangi, mapezi yamekunjamana. Hakuwamwagia maji ya ziwa kwa pupa. Aliongeza kikombe kimoja kila baada ya muda, kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa siku mbili, na mawe akayaweka mwishoni. Siku ya tatu mmoja wao alisogea kwenye jiwe, akaligusa kwa mdomo, akaligusa tena.

Tangu hapo ana utaratibu wake. Jumatatu na Alhamisi anakwangua kioo cha mbele, ili mtu aone ndani, na kuvuta uchafu wa chini. Kioo cha nyuma na mawe ni shamba la samaki. Maji anayatoa debe moja tu kwa wiki, na debe la kurudishia ni la kisimani, ambalo limelala siku mbili na yale makombe ndani yake yakitoa chokaa. Juu ya tangi linaning'inia kopo lililotobolewa tundu la sindano. Linadondosha maji tone tone ili yapate hewa, na yeye hulijaza mara tatu kwa siku. Chakula kingine ni mchicha uliochemshwa, ukubwa wa ukucha, na usipoliwa mpaka adhuhuri anautoa.

“Mwanzoni nilidhani adui ni huu ukoga,” anasema, mkono ukiwa ndani ya maji hadi kiwikoni. “Ukoga hauna kosa. Ukizidi, ujue sisi tumezidisha kitu. Jua limezidi au chakula kimezidi. Unapunguza hicho, na wenyewe unapungua.”

Juni, mmoja wa wale watatu alianza kujitenga nyuma ya jiwe. Kidevu kilivimba, na hakula ila kidogo sana. Eufrazia alikuwa na hakika kwamba huyu naye anakufa, na mikono ilimwasha kufanya jambo: kubadilisha maji, kuosha, kumtoa. Safari hii aliuliza kwanza. Alimtuma dereva wa lori la dagaa, akakaa siku nane bila kugusa kitu, na jibu la Yohani likaja kwa mdomo wa dereva yule yule: mwambie shangazi asimguse, huyo amebeba watoto mdomoni.

Asubuhi moja, mwezi ulipofuata, alikuta vidoa saba vinacheza juu ya jiwe. Samaki yule mkubwa alikuwa ameinama mbele yao, na walipotishwa na kivuli cha Eufrazia wakarudi wote mbio kinywani mwake.

Alikwenda kubisha mlango wa chumba cha Josefina, jambo ambalo hakuwa amelithubutu tangu Machi. Alisema tu, “Mama, njoo uone.” Josefina alikuja na shuka mabegani. Alikaa chini, kwenye sakafu, mbele ya lile tangi, mpaka jua likapanda. Kuanzia kesho yake, Eufrazia akija hukuta chai yake imewekwa kwenye chupa, na kipande cha muhogo pembeni.

Sasa afisa mpya anaingia Jumatatu, na nyumba inatakiwa iwe tupu. Josefina anarudi kwa wazazi wake Sumbawanga kwa basi la Jumamosi. Tangi la maji haliwezi kupanda basi. Na tangi tupu lina mnunuzi.

Mnunuzi ni Damiano, mwenye hoteli ya chai kule Majengo, mtu mpole ambaye hana ubaya na yeyote. Alhamisi hii saa tatu, wakati Eufrazia anamalizia kupangusa meza, Damiano aliingia na rula, akapima urefu, akapima kina, akagonga kioo kwa kidole. Samaki wakajificha.

“Nitaweka mandazi humu, shemeji,” alimwambia Josefina. “Inzi hawaingii, na mteja anaona anachonunua. Nakupa mia mbili na hamsini, hapa hapa. Na hao samaki sitaki wapotee, mke wangu anajua kuwapika.”

Eufrazia alikuwa anakunja kitambaa chake. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Mia mbili na hamsini ni nauli ya mama na mtoto mpaka Sumbawanga na chenji ya kuanzia maisha, na yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Josefina aliyatazama maji. Kisha akamgeukia mtumishi wake.

“Dada Eufrazia, pale unapopanga Majengo, dirisha lako linatazama wapi?”

“Linatazama ukuta wa jirani, mama.”

“Jua linaingia?”

“Haliingii.”

“Basi leo jioni tutafute mkokoteni,” alisema Josefina. “Shemeji Damiano, utanisamehe. Nina kabati la vyombo, lile nitakuuzia. Hili limeshapata mtu.”

Damiano hakukasirika. Aliomba kuliona kabati. Eufrazia aliingiza mikono yote miwili kwenye ndoo ya maji, kana kwamba kuna kitu alikuwa hajamaliza kuosha, akaiacha humo mpaka Damiano akatoka.

Baadaye, akinisindikiza hadi barabarani, alinieleza mpango wake. Wale watatu atakaa nao maisha yao yote, kwenye chumba chake cha kupanga, na kila atakayeuliza atamfundisha, kwa kuwa yeye hakuuliza. Wale wadogo atawalea mpaka mvua zijazo ziishe, wafike urefu wa kidole. Kisha atapanda lori la dagaa na debe mapajani, ashuke Ikola, amwombe Yohani ampeleke kwenye yale mawe Bwana Samaki alikokuwa akizamia, na awaachie hapo.

“Nilimuulia wanane,” alisema. “Hawa nitakaomrudishia ni saba. Nimeshahesabu mara nyingi, haifiki.”

Aligeuka, akaangalia nyuma kuelekea nyumbani.

“Lakini jana nimeona yule samaki mama kidevu kimevimba tena.”